Breki ya Dakika Hamsini

1

Sigrada Mtitu aliingia ofisini kwa Enesia saa tatu asubuhi, mkono wake wa kulia ukiwa umefungwa kwa kipande cha kanga, na alikuwa anacheka.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama. Shikamoo." Enesia alikuwa ameshasimama. "Mkono umefanyaje?"

"Nimeuchoma mwenyewe kwa ujinga wangu. Jana nimeegemea jiko, nawaza mambo mengine. Nikasikia harufu, nikasema leo jirani anababua nguruwe. Kumbe nguruwe ni mimi." Akacheka tena mpaka mabega yakatikisika ndani ya sweta.

Enesia hakucheka. Alimkalisha, akaifungua kanga taratibu. Chini ya vidole viwili vya mwisho ngozi ya kiganja ilikuwa imejikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka, na katikati nyama ilionekana, nyekundu na mbichi. Kidonda cha namna hiyo mtu mzima hukipigia kelele mtaa mzima ukasikia. Enesia akachukua kalamu, akagusa pembeni yake kwa ncha.

"Unasikia?"

"Nasikia nini?"

Akabonyeza zaidi. Sigrada alikuwa anatazama dirishani, anasubiri swali.

"Mimi sikuja kwa ajili ya kidonda," alisema. "Nimekuja unisaidie kitu kimoja. Mkono huu siku hizi unaruka herufi. Nagonga, herufi haitoki, kumbe kidole hakijafika. Nilikuwa naomba unipangie kibodi nitumie mkono wa kushoto peke yake. Wenzangu wasije wakaniacha."

"Vidole vimeanza lini kuwa hivi?"

"Tangu Pasaka. Au Kwaresima, sikumbuki. Haviumi, ndiyo maana sikukwambia."

Nyuma ya Sigrada, ukutani, lilikuwepo bango la kiti cha Nafuu, na juu yake maneno mawili makubwa: KAZI ISIYOUMA. Maneno hayo Enesia aliyatunga mwenyewe, na siku alipoyatunga alijisikia vizuri sana.

"Nenda kwanza zahanati, mama," alisema. "Kibodi nitaishughulikia."

"Usichelewe, lakini. Nina daftari la ubatizo la mwaka wa arobaini na mbili liko nusu. Padri yule mwandiko wake kama kuku kapita kwenye wino, na nimeshaanza kumwelewa."

Akatoka, mkono ukining'inia pembeni kama mzigo wa mtu mwingine.

2

Watu mia sita na arobaini walifanya kazi katika Jengo la Wanakili, kwenye kilima cha juu mjini Njombe. Mashine zilikuwa zimeshasoma karibu kila kitu duniani kilichopigwa chapa, lakini mbele ya karatasi zilizoliwa na mchwa, wino uliofifia na miandiko ya makarani wa zamani zilishindwa. Hapo alihitajika mtu. Mtu alikaa, akakodolea macho, akakisia, akaandika. Daftari za ubatizo, mashauri ya mabaraza, mipaka ya mashamba: familia nyingi zilikuwa zinasubiri karatasi hizo zisomeke ili zijue shamba lao ni lipi.

Wanakili wa kwanza walidumu miaka mitano au sita. Baada ya hapo shingo zilikaza, viuno vikagoma, macho yakaona ukungu hata siku ya jua. Ndipo Enesia Mligo alipoajiriwa, mbunifu wa vifaa vya kazi, akapewa swali moja: mtu akae vipi mbele ya kompyuta siku nzima bila kuumia?

Hakuanza kwa kuchora. Alichukua kiti cha plastiki, akakaa pembeni ya Sigrada kwa wiki sita akimtazama. Aliona jinsi anavyoinua bega la kulia kila anapofika mwisho wa mstari, jinsi anavyovua kiatu kimoja ikifika saa tano, jinsi anavyosogeza uso karibu na kioo mchana mwanga unapobadilika. Walikula pamoja. Sigrada alimweleza maumivu yake yote kwa mpangilio, kama anayetaja ndugu zake, mkubwa mpaka mdogo. Siku ya mwisho alimwambia, "Usinipe kiti kizuri, mwanangu. Nipe siku isiyoniuma."

Enesia akampa. Kiti cha Nafuu kilipima uzito wa mtu na kujisogeza chenyewe kabla mgongo haujachoka. Meza ilipanda na kushuka ili mikono ilale sawa, kioo kilijipanga na macho. Na shingoni, chini ya ngozi, kila mnakili aliwekewa kijiti chembamba, mfano wa vile vya uzazi wa mpango ambavyo akina mama huwekewa mkononi. Kiti kiliongea na kijiti. Maumivu yalipokuwa yanapanda kwenda kichwani, kijiti kiliyatangulia, kikayanyamazisha njiani.

Enesia alijua tangu mwanzo kwamba maumivu yana kazi yake, na anayeyaondoa lazima kazi hiyo aibebe yeye. Kwa hiyo aliweka breki. Kila dakika hamsini kioo kilififia, kijiti kikalegea, na mtu akausikia mwili wake kama ulivyo. Akainuka, akatembea, akanyoosha vidole. Baada ya dakika kumi kazi ikaendelea.

Wanakili waliichukia breki. Iliwakatiza katikati ya jina la mtu. Uongozi nao haukuipenda, kwa sababu zake. Enesia akaibadilisha ikawa swali: *Ungependa kupumzika sasa?* Alijiambia kwamba huko ndiko kumheshimu mtumiaji, kumwachia achague mwenyewe. Karibu wote walichagua kuendelea. Baada ya miezi minne swali nalo likaondolewa, maana hakuna aliyekuwa akilijibu ndiyo.

Asubuhi hiyo, Sigrada alipoondoka, Enesia alishuka chumba cha mitambo kwa Anyosisye, fundi aliyetunza kumbukumbu za viti.

"Nifungulie namba mia mbili kumi na mbili."

Anyosisye akagonga. "Mama Sigrada. Unataka nini?"

"Anakaa muda gani bila kuinuka?"

"Kwa wastani saa nne na dakika arobaini." Akashuka chini ya ukurasa. "Ijumaa, saa saba."

"Saa saba? Hata chooni?"

"Hajainuka, dada. Kiti kingejua."

Enesia akasogea karibu na kioo. "Nipe wote ambao nguvu ya vidole imepungua tangu mwaka jana. Kibodi zinapima uzito wa kila pigo, si ndiyo?"

Ilichukua muda mfupi. Majina yalijipanga kwenye kioo, yakajaza ukurasa, yakaingia ukurasa wa pili. Watu sabini na mmoja.

"Hawa wote hawajalalamika?" aliuliza Anyosisye.

"Walalamike nini? Hawaumwi."

Alirudi ofisini, akafunga mlango, akafungua faili ambalo hakuwa amelifungua kwa miaka mitatu. Taarifa ya majaribio, watu tisa, wiki nane bila breki. Alijua ukurasa na aya. *Watumiaji wawili waliripoti ganzi ya vidole. Sababu inayoelekea zaidi: baridi.*

Ulikuwa mwezi wa saba. Njombe mwezi wa saba kila mtu ana vidole vya baridi. Asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa sakitu. Ilikuwa sentensi inayowezekana kabisa, na ndiyo maana aliichagua. Lakini mmoja wa wale wawili, kijana wa Makambako, alikuwa amemwambia kwa mdomo wake kwamba ameloweka mkono kwenye maji ya moto na ganzi haikuondoka. Enesia alimsikia. Alimwambia, "Pole, jaribu kuvaa glavu." Halafu akaandika baridi, akasaini, na kiti kikaruhusiwa kutumika bila breki.

3

Mkurugenzi, Bwana Osmund Haule, hakuwa mtu mbaya. Hata Enesia alipotaka amchukie alishindwa. Yeye mwenyewe aliumia kiuno alipokuwa dereva wa malori ya mbao, na kijiti alikuwa nacho shingoni kama wengine. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akasimama, akaenda dirishani.

"Sabini na moja," alisema.

"Sabini na mmoja mpaka leo."

"Tukizima mara moja, watu mia sita wataanguka chini ukumbini. Miaka mitatu ya maumivu kwa dakika moja."

"Hayaji ya miaka mitatu. Yanakuja ya leo. Lakini ndiyo, ni makali."

"Basi tusifanye ukatili." Akageuka. "Sikiliza, Injinia. Punguza nguvu ya vijiti asilimia moja kwa siku. Siku mia moja. Wataanza kusikia mgongo kidogo, bega kidogo, wenyewe wataanza kuinuka. Wale sabini na mmoja tunawaita mmoja mmoja, tunawapeleka kwa daktari, tunasema ni uchunguzi wa kawaida. Hakuna anayetishika, hakuna anayelia. Daktari gani atasema njia hiyo ni mbaya?"

"Na tukiulizwa kwa nini wanaumwa?"

"Watadhani ni umri." Akafikiri. "Watadhani ni baridi."

Enesia akainamisha uso.

"Mimi siwezi kuligusa hili bila wewe," aliendelea Haule, sauti yake ikilainika. "Sheria ya vifaa vya tiba inataka saini ya mbunifu. Lakini jina lililo kwenye ile taarifa ni lako. Ukipanda jukwaani ukawaambia watu, hutawasaidia zaidi ya hivi. Utapata nafuu wewe, basi. Wao watapata hofu."

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Na kilichomtisha zaidi ni kwamba mpango ule aliupenda. Ulikuwa wa upole. Ulikuwa mzuri kitaalamu. Angeweza kuuchora mchana huo huo. Watu wangerudi kwenye miili yao polepole, bila kujua kwamba waliwahi kuondolewa, na yeye angeendelea kupita ukumbini akisalimiwa kwa jina.

"Nipe mpaka kesho saa nne," alisema.

4

Sigrada alikaa Mjimwema, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye bustani ya viazi mbele. Enesia alifika saa tisa alasiri, akamkuta kibarazani juani, anachambua maharage kwenye ungo. Mkono wa kulia ulikuwa na bandeji mpya.

"Daktari amesemaje, mama?"

"Amesema mishipa miwili ya fahamu imebanwa muda mrefu, hapa kifundoni na hapa kwenye kiwiko. Imebanwa kiasi gani, hawezi kujua. Kijiti kinamficha hata yeye. Nimemwambia ukikaa siku nyingi sana kwenye Nafuu, hata ukirudi nyumbani bado unakuwa mwepesi. Akaniangalia kama nimetukana." Alisogeza ungo. "Kaa unisaidie. Siku hizi kokoto na harage naviona kwa macho tu, vidole havinambii."

Enesia akakaa kwenye kigoda. Wakachambua. Kuku alipita. Enesia alikuwa amepanga maneno njia nzima, ya kitaalamu, yenye mwanzo na mwisho, na sasa yote yalikuwa yamemtoka.

"Mama, mkono wako nimeuharibu mimi."

Sigrada hakuinua macho. "Endelea."

Akamweleza. Breki kwa nini aliiweka, kwa nini aliiondoa, wale watu tisa, kijana wa Makambako, lile neno aliloandika, wale sabini na mmoja, na mpango wa Haule. Hakuruka kitu. Alipomaliza, mikono yake ilikuwa imeshika harage moja kwa muda mrefu mpaka limepata joto.

"Kwa hiyo ulijua," alisema Sigrada.

"Nilihisi kwamba—"

"Usinipunguzie. Ulijua au hukujua?"

"Nilijua."

Sigrada akaokota kijiwe, akakitupa uani. Akaokota kingine.

"Wiki sita umekaa ubavuni kwangu," alisema. "Umekula kwangu. Nimekuonyesha mahali ambapo hata marehemu mume wangu sikumwonyesha, nikakwambia hapa panauma hivi, hapa panauma vile. Nilijua nakufundisha namna ya kunitunza. Kumbe nilikuwa nakuonyesha pa kunyamazisha."

Machozi yalimtoka Enesia, hakuweza kuyazuia.

"Usilie hapa," alisema Sigrada, bila ukali. "Ukilia itabidi nikubembeleze, na leo sina nafasi hiyo."

Enesia akajifuta kwa mkono wa sweta.

"Umekuja nikusamehe?"

"Hapana, mama. Nimekuja kukwambia tu."

"Umekuja nikusamehe. Nakujua, nimekaa na wewe. Ningekusamehe hapa kibarazani, ungeondoka mwepesi, kesho ungefanya anachotaka Haule." Aliutikisa ungo, maharage yakajipanga upya. "Mimi ni mmoja. Wapo sabini wengine na mikono yao. Nenda ukaseme mbele ya wote. Baada ya hapo mimi na wewe tutaona."

"Na wakiniambia niwaachie hivyo hivyo? Hawataki kuumwa, mama. Hata wewe asubuhi ulikuja kuomba kibodi."

Kwa mara ya kwanza Sigrada alimtazama usoni.

"Asubuhi nilikuwa najua nini?" alimwuliza.

5

Saa nne asubuhi viti vyote vilisimamishwa. Wanakili waligeukia mbele ya ukumbi, wengine wakiwa bado na miwani ya kusomea puani. Bwana Haule alikaa safu ya nyuma, mikono kifuani. Alikuwa ameambiwa saa mbili asubuhi. Alijibu neno moja tu, "Haya," na kwa jinsi alivyolisema Enesia alielewa kwamba hiyo ndiyo siku yake ya mwisho katika jengo lile.

Alisema bila karatasi. Alisema watu sabini na mmoja, akaona jinsi kila mmoja alivyoanza kukunja na kukunjua vidole vyake, mia sita kwa pamoja. Alisema neno baridi, na kwamba aliliandika akijua si kweli.

Alipomaliza, mwanamume mmoja wa safu ya tatu alisimama. Alikuwa Ezekia Mwinami, mwenye kifua kipana na sauti ya kwaya.

"Nimekuelewa," alisema. "Umekosa, umekiri, Mungu akusaidie. Sasa unataka kuturudishia maumivu?"

"Nataka—"

"Ngoja, dada. Mimi nilianguka na baiskeli nikiwa na miaka kumi na minne. Mgongo huu haujawahi kuniacha nilale usiku mmoja mzima mpaka nilipokaa kwenye kiti chako. Miaka mitatu nalala. Mke wangu amenijua mimi ni mtu mpole, kabla ya hapo alikuwa hajui. Wewe una hatia, sawa. Lakini hatia yako kwa nini ilipwe na mgongo wangu?"

Sauti nyingi zilimuunga mkono. "Kweli!" "Mwache aseme!" Mwanamke mmoja upande wa kushoto alipiga kelele kwamba mkono wake umekufa ganzi tangu mwezi wa kwanza na anataka kujua leo hii kama bado ni wake. Watu wakaanza kubishana wao kwa wao.

Enesia alisubiri mpaka wakamtazama tena.

"Kaka Ezekia, jibu la kukuridhisha sina," alisema. "Lakini nitawaambia nilipofika. Breki inarudi leo, kwa kila mmoja, dakika hamsini, na hiyo siwaulizi. Niliwahi kuwauliza, na swali lenyewe lilikuwa la uongo. Nilimwuliza mtu kama amechoka wakati nimeshamzuia asijue kama amechoka. Hilo sirudii."

Ezekia alikuwa bado amesimama.

"Nje ya breki, nafuu inabaki. Mgongo wako sitauchukua. Lakini anayetaka kujua amebakiwa na nini, kijiti chake nitakizima chote leo, hapa, nikiwa pembeni yake, na daktari yupo mlangoni. Atakayetaka polepole, polepole. Asiyetaka, asije. Sasa mnajua yote ninayoyajua mimi. Chagueni."

"Na nikichagua kubaki, utaniona mjinga?" aliuliza Ezekia.

"Hapana."

Ezekia akakaa. Uso wake haukuonyesha kama ameridhika.

Safu za katikati watu walianza kusogea kumpisha mtu apite. Alikuwa Sigrada, ameshika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto.

"Anza na mimi," alisema.

6

Walijitokeza kumi na wawili wa kwanza. Waliketi kwenye viti vyao wenyewe, safu moja mbele, na wengine walisimama nyuma yao kama watu waliokuja kusindikiza wagonjwa. Enesia alisaini kwenye kioo kidogo alichokishika, kisha akaingiza namba za viti moja baada ya nyingine. Kijiti kikizimwa hakiachi ghafla. Maumivu hurudi kwa dakika kama kumi, yaliyo karibu na kichwa kwanza, ya mbali baadaye.

Dakika ya tatu mwanamke wa kwanza alishika shingo. "Yesu wangu," alisema kwa mshangao tu, kama aliyekutana na mtu aliyedhani amehama mji. Aliyefuata alikunja uso akaanza kupumua kwa mdomo. Mzee mmoja wa mashauri ya mabaraza alijaribu kuinuka, akashindwa, akashikwa makwapani na wenzake. Karibu na dirisha mtu alikuwa analia kwa sauti na wakati huo huo anatikisa vidole vyake hewani, kwa sababu vilikuwa vinawaka moto, vyote kumi, na alikuwa anavihesabu.

Enesia alipita kwa kila mmoja. Alipiga magoti, akauliza wapi, akaandika. Hakuna aliyemtukana. Mmoja alimshika mkono akaubana kwa nguvu mpaka mifupa ikalia, naye akauacha ubanwe.

Akafika kwa Sigrada. Alikuwa amefumba macho, mgongo umenyooka, mkono wenye bandeji ameulaza juu ya paja, kiganja juu.

"Shingo imekuja," alisema bila kufumbua. "Bega la kulia limekuja. Hili nalijua, ni lile lile." Jasho lilikuwa limetoka juu ya mdomo wake. "Kiuno hiki hapa. Alaa. Kumbe kilikuwa hivi."

"Daktari ana dawa ya kutuliza, mama. Akupe?"

"Niache. Nasubiri mkono."

Enesia akakaa sakafuni miguuni pake. Kidonda cha moto cha siku mbili, chenye nyama wazi, kingepaswa kumtoa mtu kwenye kiti. Aliangalia uso wa Sigrada, akangoja ukunjamane. Kiwiko cha kushoto kilimfika, akasonya. Goti likamfika. Machozi yalianza kumtiririka pande zote mbili, na bado alikuwa ametulia, kichwa amekiinamisha kidogo upande wa kulia kama mtu anayesikiliza hodi.

"Umezima kweli?"

"Nimezima, mama."

"Chote?"

"Chote."

Sigrada alifumbua macho, akautazama mkono wake. Kwa mkono wa kushoto aliifungua ile bandeji, akaweka kidole katikati ya kidonda, akabonyeza. Damu kidogo ilitoka. Akabonyeza tena, pale pale.

"Basi tusubiri kidogo," alisema. "Labda unakuja polepole. Uko mbali na kichwa."

Enesia aliangalia kioo alichokishika. Dakika kumi na tisa zilikuwa zimepita. Aliyemfuata Sigrada alikuwa ameshapewa maji, ameshaanza kujinyoosha. Enesia alikigeuza kioo kikaelekea chini, akakilaza pajani. Alitaka ampe dakika nyingine tano za kusubiri. Ilikuwa huruma ndogo, hakuna ambaye angemlaumu. Kisha akatambua kwamba ameshaanza tena.

"Hauji, mama," alisema. "Muda umepita. Hauji."

Sigrada aliitikia kwa kichwa, mara moja, taratibu. Aliufunga mkono bandeji kwa ule mwingine, akitumia meno kukaza fundo, na Enesia aliponyoosha mkono kumsaidia, Sigrada aliusukuma kwa bega, lile bega lililokuwa linamuuma.

"Haya," alisema. "Nenda kwa wale wanaoumwa."